Ndege wakianza kufa bwawani: mwongozo kamili kwa vijiji vya Bahi, Hombolo, Mtera na Singida

Bata mwitu mmoja aliyekufa ukingoni mwa maji si habari. Ndege hufa kwa uzee, kwa nyavu za wavuvi, kwa kukamatwa na mbweha. Saba asubuhi moja ni habari, na kama miongoni mwao yumo korongo taji hata mmoja, hiyo ni habari ya kupigia simu kabla chai haijachemka.

Nimekuwa mtu wa ugani wa mifugo upande wa Bahi kwa miaka kadhaa, na nimejifunza mengi ya hapa kwa kukosea. Nawaandikia wenzangu: maafisa ugani, askari wa wanyamapori wa vijiji, viongozi wa wavuvi, kamati za mazingira, na walimu wanaopeleka wanafunzi kuangalia ndege. Mwongozo huu hautamgeuza mtu kuwa daktari. Nataka tu saa 48 za kwanza zisitupotee, kwa sababu baada ya hapo jua la Dodoma limekwisha kuozesha ushahidi wote.

Lipo jambo moja nitakalolirudia. Mzoga ule ule, ukingo ule ule, unaweza kudai maamuzi mawili yanayopingana. Kama kilichowaua ni botulizimu, yaani sumu ya bakteria wanaozaliana ndani ya mizoga, kuchelewa kuokota mizoga kunaua wengine. Kama ni mafua makali ya ndege, kukurupuka majini kuokota mizoga kunaweza kuwarusha walioambukizwa hadi bwawa la jirani na kukuambukiza wewe mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kujua ni nini, kazi yetu ni tatu tu: kutazama, kuhesabu, kutoa taarifa.

Kwa nini maji yetu yana hatari ya pekee

Kinamasi cha Bahi hupokea maji ya Mto Bubu na hakina pa kuyatolea. Maji yakiingia, hutoka kwa jua tu, yakiacha magadi na chumvi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo maji huanza kurudi nyuma. Kufikia Septemba kilichobaki ni madimbwi yenye joto, na ndege wote waliokuwa wametawanyika kwenye eneo kubwa sasa wanabanana mahali pamoja, wakinywa walipojisaidia.

Na hapo hapo, kuanzia Septemba, ndege wageni kutoka Ulaya na Asia wanafika. Wenyeji waliochoka kwa kiangazi wanakutana na wageni waliochoka kwa safari, kwenye maji kidogo. Ukiniuliza ni lini pa kukaa macho zaidi, nitakuambia Septemba hadi mvua zitakapokolea.

Walio hatarini ni wachache lakini hawana akiba. Korongo taji, yule mwenye kishungi cha dhahabu kichwani, aliingizwa mwaka 2012 kwenye kundi la walio hatarini kutoweka katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN. Jozi moja kwa kawaida hutaga mayai mawili au matatu tu, na vifaranga hutegemea wazazi kwa miezi. Tumbusi mgongo-mweupe, anayekuja kula mizoga yetu, tangu 2015 yuko katika kundi la hatari kubwa kabisa. Heroe wadogo, ambao wengi mtaani huwaita flamingo, tunawaona Singidani na Kindai pale Singida; bado ni wengi, lakini karibu wote wa Afrika Mashariki hutegemea kuzaliana Ziwa Natron peke yake.

Tusidhani haya ni ya mbali. Mwaka 2004 heroe walikufa kwa maelfu Ziwa Manyara na Momella Kubwa, na wataalamu walihusisha vifo hivyo na sumu ya vijani vya majini, ule utando wa kijani unaoota kwenye maji. Januari 2021, katika Hifadhi ya Djoudj nchini Senegali, mafua ya ndege aina ya H5N1 yaliua ndege mwari zaidi ya 750. Mwaka uliofuata, kule Prespa nchini Ugiriki, ugonjwa huo huo uliua zaidi ya mwari 1,700 wa Dalmatia katika koloni moja. Ndege anayetaga kidogo akipigwa hivyo, hata miaka kumi haimrudishi.

Hatua ya kwanza: ijue hali ya kawaida kabla ya msiba

Hatua hii hufanywa wakati hakuna anayekufa, na ndiyo watu huiruka. Bila kujua ndege wako ni wangapi siku ya kawaida, huwezi kusema kama waliokufa ni wengi au wachache.

Chagua sehemu mbili au tatu za kusimama, zile zile kila mara. Nenda mara moja kwa mwezi, saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 3, kabla joto halijaanza kuchezesha picha kwenye darubini. Hesabu kwa makundi: kumi, kumi, kumi. Andika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino unalowa. Andika pia maji yamefika wapi. Mimi nina jiwe moja na mti mmoja wa mgunga ninavyotumia kupimia. Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini katika nchi nyingi duniani, basi mwezi huo usiukose kabisa, takwimu zako zinaweza kuungana na za wengine.

Pamoja na daftari, andaa begi. Glavu ndefu za mpira jozi sita, barakoa za N95, miwani ya kinga, buti za mpira, aproni inayooshika, mifuko minene ya plastiki, sabuni, jiki, dumu la maji safi, kamba, na karatasi yenye namba za simu. Namba zenyewe: afisa mifugo wa kata, daktari wa mifugo wa wilaya, afisa wanyamapori wa wilaya, ofisi iliyo karibu ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), kituo cha Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) cha Dodoma, na mtendaji wa kijiji. Ziandike kwenye karatasi hata kama unazo kwenye simu. Simu huzima chaji siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: simama mbali, tazama nusu saa

Umepigiwa simu, umefika. Moyo unataka kukimbilia pale walipolala. Simama.

Kaa mita mia moja au zaidi, upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwao, na utazame kwa nusu saa nzima. Nani amekufa, nani anaumwa, nani mzima. Ni aina moja au nyingi. Mizoga ni mipya yote au ipo iliyokwisha kuvimba. Wamelala kwa mstari kufuata ukingo wa maji, au wametawanyika hadi shambani. Maji yana rangi gani, yana harufu, kuna utando kama rangi ya kijani iliyomwagika. Samaki wamekufa pia? Kuna shamba lililonyunyiziwa dawa wiki hii? Kuna mtu kijijini amepoteza kuku?

Piga picha kutoka pale pale. Usirushe droni juu yao. Nimeona kundi zima la bata likinyanyuka kwa mlio wa droni moja na kutua upande wa pili, lenye wagonjwa ndani yake.

Hatua ya tatu: soma dalili, bila kujifanya maabara

Dalili hazithibitishi ugonjwa. Zinakusaidia kumweleza daktari kwa simu ili aje na vifaa sahihi. Haya ndiyo ya kutazama.

Botulizimu hunyong'onyeza. Kwanza miguu inakataa, na bata anajisukuma kwa mabawa juu ya tope kama mtu anayepiga makasia. Kisha mabawa yanakataa. Mwisho shingo inalegea, kichwa kinaanguka majini, na ndege anazama akiwa hai. Mara ya kwanza nilipoiona ilikuwa bata mmoja wa kike, amejilaza pembeni mwa dimbwi lisilozidi kina cha kiganja. Macho yake yalikuwa wazi, ule utando wa ndani ya jicho unapanda na kushuka taratibu. Alikuwa ananiona. Alijaribu kuinua kichwa mara tatu, na mara ya nne hakujaribu tena. Mwili wake ulikuwa mnene, hana jeraha, hana hata unyoya uliokatika. Ndivyo botulizimu ilivyo: inaua ndege aliyenona. Bakteria wake huzaliana ndani ya mizoga wakati wa joto, funza hukusanya sumu bila kudhurika, bata anakula funza, anakufa, anazaa funza wengine. Mzunguko huo haukomi mpaka mtu auvunje.

Mafua makali ya ndege ni tofauti. Mgonjwa anatikisa kichwa, anazunguka mahali pamoja majini, shingo imepinda si kulegea, wakati mwingine jicho limepata ukungu. Wengine hufa ghafla bila dalili. Kinachonishtua zaidi ni aina za ndege: ukiona bata, halafu kwarara, halafu tumbusi au mwewe aliyekula mizoga naye amekufa, weka mafua mbele ya akili yako. Kideri, ambacho kila mfuga kuku anakijua, nacho hupinda shingo, na kwa macho huwezi kukitenganisha na mafua. Hapo maabara pekee ndiyo itasema.

Kipindupindu cha ndege, kinacholetwa na bakteria wa pasturela, huua kwa kasi kiasi kwamba unakuta mizoga mingi na wagonjwa wachache, ute ukitoka mdomoni.

Vijani vya majini hudhuru zaidi kwenye maji ya magadi. Heroe anayumba kama mlevi, shingo inajikunja kwenda mgongoni. Angalia maji yenyewe.

Halafu kuna sumu, na kwetu kanda ya kati hili lisisahaulike hata siku moja. Mkoa wetu na Singida tuna kwelea kwelea wanaovamia mtama na mpunga, na makundi yao hunyunyiziwa sumu ya fenthioni kutoka angani, jioni wanapokwenda kulala. Ndege wengine wanaolala nao, au wanaokula waliokufa, huathirika. Wapo pia watu wanaotega kwa punje zilizochanganywa na dawa za shamba. Dalili za sumu za namna hii: udenda, kutetemeka, vidole vya miguu vimekunjwa ngumi, gole (mfuko wa chakula shingoni) limejaa nafaka, wengi wamefia mahali pamoja ndani ya saa chache, na mara nyingine hata inzi wamekufa pembeni ya mzoga. Ukiona inzi waliokufa, mwambie daktari hilo kabla ya lolote lingine.

Hatua ya nne: toa taarifa, na iwe taarifa

Mafua ya ndege na kideri ni magonjwa ambayo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka yatolewe taarifa. Njia yake ni fupi: wewe kwa afisa mifugo wa kata na mtendaji, wao kwa daktari wa mifugo wa wilaya, naye kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo wizarani. Ugonjwa ukithibitishwa, nchi hutakiwa kulijulisha Shirika la Afya ya Wanyama Duniani ndani ya saa 24. Kwa kuwa hawa ni wanyamapori, afisa wanyamapori na TAWA lazima wajue siku hiyo hiyo; Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu mtu kuchukua ndege hawa wala sehemu zao kiholela, hata wakiwa wamekufa.

Ujumbe wa "ndege wanakufa huku njooni haraka" hauleti gari. Andika hivi:

"Kijiji fulani, ukingo wa kusini wa kinamasi. Jumanne saa 1 asubuhi. Waliokufa: bata 14, kwarara 2, korongo taji 1. Wagonjwa 5, shingo imelegea, hawaruki. Wazima kama 300. Maji yamepungua sana, yana harufu. Samaki hawajafa. Kuku kijijini wazima. Hakuna dawa iliyonyunyizwa tunayoijua. Hakuna aliyegusa. Picha na ramani zinafuata."

Ujumbe kama huo mtu wa wilayani anausoma kwa nusu dakika, na anajua apakie nini kwenye gari.

Hatua ya tano: linda watu kwanza

Hapa sina subira. Usile ndege uliyemkuta amekufa au anakufa. Usimpe mbwa. Usimuuze. Kuchemsha sana huua kirusi, lakini hatari kubwa iko kabla ya sufuria: kuchinja, kunyonyoa, kutoa matumbo, damu na manyoya kuruka usoni. Tangu 2003, Shirika la Afya Duniani limeandikisha wagonjwa wa H5N1 zaidi ya 900 kati ya binadamu, na karibu nusu yao walifariki. Wengi walikuwa wameshika ndege wenye ugonjwa.

Nilipata kumkuta kijana wa kama miaka kumi na miwili akitoka kinamasini na bata wanne mkononi, amewashika miguu, vichwa vinaburuzika. Nilitaka kumfokea. Kisha nikamuuliza anawapeleka wapi, akasema, "Kwa bibi, leo tuna kitoweo." Nilimwomba awaweke chini, tukanawa mikono wote kwa sabuni, nikaenda naye hadi kwa bibi yake kumweleza, na njiani nikanunua dagaa. Nasema hivi kwa sababu katazo tupu kwa nyumba isiyo na kitoweo halifuatwi. Kamati ya kijiji ikiweza, iandae mbadala siku hizo.

Aliyeshika ndege bila kinga anawe, abadilishe nguo na zifuliwe kwa sabuni, na ajichunguze kwa siku 10. Homa, kikohozi, macho mekundu: aende kituo cha afya na aseme mapema kwamba alishika ndege waliokufa. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Hatua ya sita: funga eneo bila kufukuza ndege

Watu watakuja na ushauri wa kuwafukuza: wapige madebe, washe moto, waende zao. Kataeni kwa upole lakini kataeni. Mwezi wa Oktoba ndege hao hawana kwingine ila bwawa lingine. Ukiwafukuza Bahi, umewapeleka Hombolo au Singidani, na mgonjwa mmoja anayeweza kuruka anatosha.

Kaa na wavuvi, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, mkubaliane ghuba ipi isivuliwe na kwa siku ngapi. Ng'ombe wahamishiwe upande mwingine wa kunywea. Mbwa wafungwe. Kuku na bata wa kufugwa wakae bandani, wasishuke majini. Weka mlango mmoja tu wa kuingilia eneo lenye mizoga, na hapo pawe na beseni la maji ya jiki na brashi. Buti zisuguliwe matope kwanza ndipo zitumbukizwe, kwa sababu dawa haifanyi kazi juu ya tope. Magurudumu ya bodaboda na baiskeli vile vile. Hayo ndiyo yanayosafirisha kinyesi cha ndege kutoka kijiji hadi kijiji kuliko tunavyofikiri.

Hatua ya saba: sampuli

Hii ni kazi ya daktari wa mifugo na watu wa maabara. Wewe ni msaidizi, na msaidizi anayejua anaokoa siku nzima.

Mzoga unaofaa ni wa ndege aliyekufa karibuni, macho bado hayajazama, tumbo halijavimba. Mitano mizuri inashinda hamsini iliyooza. Kwa mafua na kideri huchukuliwa swabu ya kooni na ya njia ya haja, zikawekwa kwenye kimiminika maalumu cha kusafirishia virusi, zikatunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 na kufika maabara ndani ya saa 48. Kwa botulizimu kinachotakiwa zaidi ni damu ya ndege anayeumwa lakini bado yu hai. Kwa vijani, chupa ya maji iliyofunikwa isipate mwanga. Kwa sumu, gole na kilichomo, vifungwe kwenye karatasi ya alumini na kugandishwa. Kila kitu kiingie ndani ya mifuko mitatu: wa ndani wenye sampuli, wa kati wenye kitu cha kunyonya majimaji, wa nje mgumu usiopasuka. Juu yake jina la mahali, tarehe, aina ya ndege, na nani amechukua.

Mwaka mmoja tulifanya yote hayo vizuri, tukaweka mifuko kwenye deli la barafu, tukaikabidhi kwa gari la abiria. Ni kilomita kama 60 tu hadi Dodoma mjini. Gari liliharibika njiani, deli likakaa juani mchana kutwa, na barafu tuliyonunua kwa muuza soda ilikuwa vipande vidogo vilivyoyeyuka saa ya kwanza. Zilipofika zilikuwa zimeharibika, na mpaka leo sijui kilichowaua bata wale. Tangu siku hiyo nagandisha chupa za maji za lita moja na nusu tangu usiku; hukaa muda mrefu na hazilowanishi mifuko. Na sampuli haziendi peke yake, anaondoka nazo mtu mwenye namba ya mpokeaji.

Hatua ya nane: mizoga

Sasa turudi pale nilipoanzia. Daktari akisema ni botulizimu, au dalili zote zinaelekea huko na yeye amekubali, okoteni kila asubuhi, kila siku, hata mzoga mmoja mdogo usibaki. Ingieni majira ya baridi ya alfajiri, watu wachache, watembee taratibu kufuata ukingo. Mzoga uliojificha kwenye mafunjo ndio unaorudisha vifo wiki ijayo.

Ikiwa ni mafua, uamuzi ni wa wataalamu na unapimwa: je, kuokota kutawatia hofu ndege wazima wakatawanyika, au mizoga iliyobaki italiwa na tumbusi na kueneza zaidi? Ulaya kaskazini-magharibi mwaka 2022, kwenye makoloni ya membe, ndege wa pwani, palipookotwa mizoga vifo vya ndege wakubwa vilikuwa vichache kuliko ilipoachwa. Kwa maoni yangu, kwa kuwa kwetu tumbusi ni wachache na ni wa thamani, kuokota mara nyingi ndiyo njia, lakini kwa watu wawili watatu waliovaa kinga kamili, si kwa kijiji kizima.

Ikiwa ni sumu, okoteni upesi kuliko vyote, na msiache mzoga mmoja kwa ajili ya "mazingira kujisafisha".

Pa kuzika: juu, mbali na visima na mikondo ya mvua, mahali ambapo ukichimba mita mbili hukuti unyevu. Ukingoni mwa Bahi kwenyewe haifai, maji yako karibu. Pangeni mizoga, nyunyizeni chokaa, fukieni kwa udongo usiopungua mita moja, kisha juu yake wekeni matawi ya miiba. Fisi wa huku wanafukua kwa usiku mmoja. Kuchoma kunahitaji kuni nyingi, na sijui ni kijiji gani cha Dodoma chenye kuni za kuchezea.

Hatua ya tisa: waliougua lakini wako hai

Ndege aliyelegea kwa botulizimu anaweza kupona. Kivuli, maji safi yasiyo na chumvi, kichwa kimeegemezwa juu ili asizame, na daktari akiwa na kingasumu, wengi hurudi. Waliofikia shingo kulegea kabisa huwa wagumu, lakini sijaacha kujaribu kwa korongo taji, kwa sababu kila mmoja ana hesabu yake. Mshike kwa kitambaa kikubwa, mabawa yakiwa yamebanwa, uso wako ukiwa mbali. Mdomo wake hulenga jicho. Mfunike kichwa atulie.

Kama mafua hayajaondolewa kwenye orodha, usimchukue. Najua inavyouma kumwacha. Ukimpeleka nyumbani umempeleka kwa kuku wako, na kwa watoto wako.

Hatua ya kumi: kuku wa kijiji, na maneno ya kijijini

Chanjo ya kideri aina ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, ni tone moja la jicho kila miezi mitatu. Wachanjeni kuku wote wa vijiji vya kando ya maji mwezi Julai, kabla ya vifo vya kiangazi. Inawalinda kuku, na inatuondolea utata: kuku waliochanjwa wakifa pamoja na ndege wa majini, tunajua mapema kwamba hili si kideri cha kawaida. Haizuii mafua ya ndege, mweleze mfugaji hivyo wazi asije akajiona salama.

Katika mkutano wa kijiji sema unachokijua na lini utajua zaidi. Tumia Kigogo kwa wazee wa Bahi, Kirangi ukiwa Kondoa. Neno la ugonjwa linaingia kwa lugha ya nyumbani. Waombe viongozi wa msikiti na kanisa watangaze Ijumaa na Jumapili. Na mtetee ndege. Hofu ikipanda, watu huanza kuvunja viota na kuua korongo wazima, na hapo tunakuwa tumewaangamiza sisi waliobaki baada ya ugonjwa.

Hatua ya mwisho: endelea kuhesabu

Vifo vikipungua, watu hurudi nyumbani. Wewe baki. Sisi huenda kila siku mpaka zipite wiki mbili bila mzoga mpya, kisha mara moja kwa wiki hadi mvua zijaze kinamasi. Simama pale pale pa siku zote, saa ile ile, daftari lile lile. Linganisha na Septemba, na na mwaka jana. Januari, maji yakishatawanyika hadi kwenye majaruba, tafuta korongo taji wawili wanaotembea pamoja kwenye nyasi, na ukiwaona wanaokota majani makavu, usisogee, wanajenga. Andika mahali, mwambie mwenye jaruba asichungie ng'ombe hapo kwa miezi mitatu hii.

Begi nalo lijazwe upya. Glavu za mwaka jana hukauka na kupasuka vidoleni, jiki hupoteza nguvu ikikaa. Mimi hununua vyote Agosti, na chupa zangu za maji huingia kwenye friji ya jirani usiku wa tarehe 31.